Kiungo Wetu Rahisi

Mpira sikuujua kuucheza. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanitafuta uwanjani. Mimi nilikuwa pembeni, juu ya jiwe moja kubwa upande wa milimani, na jiwe lile kila mtu wa Ansab, mtaa wetu wa Maskati, alijua ni langu. Goti langu la kushoto lilikuwa limelegea tangu skuli, Unguja, na daktari aliniambia nichague baina ya mpira na kutembea. Nikachagua kutembea. Tangu siku hiyo sijatulia mahali, lakini hayo ni mambo mengine.

Nilifika Maskati mwanzoni mwa miaka ya tisini, na cheti changu cha kidato cha nne ndani ya bahasha, nikapokewa na ami yangu, ndugu wa baba, aliyekuwa amerejea nchi ya mababu zetu kabla yangu. Nikapata kazi Rusayl, kwenye ghala la vyakula. Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu makatoni ya biskuti na nyanya za kopo yanapoingia na yanapotoka. Katoni lililochanika halikuwa na thamani, msimamizi aliniachia nilichukue. Na kalamu nene nyeusi ya kuandikia makasha nilikuwa nayo mfukoni kila siku. Ndipo ilipoanzia tathmini.

Timu yetu ya Ansab ilikuwa ya vijana wa kurejea kama mimi. Wengine wametoka Unguja na Pemba, wengine Kigoma, Tabora, Bujumbura, kila mmoja na Kiswahili chake, na ugomvi wa kila siku kama kile kitu ni kiazi au mbatata. Siku hizo mapumziko yalikuwa Alkhamisi na Ijumaa. Kila Jumatano jioni, ndani ya basi la kutoka kazini, niliweka kipande cha katoni juu ya mapaja nikaandika hali ya kikosi, mchezaji mmoja mmoja. Nikifika Ansab nilikitundika kwenye msumari katika mkahawa wa Mmalabari, Mhindi wa Kerala, baina ya kalenda na orodha ya mikate ya mayai. Watu walisoma wakinywa chai ya maziwa.

Baadhi ya yale niliyoandika nayakumbuka mpaka leo. Kipa wetu alikuwa dereva wa gari la maji. Nilimwandika hivi: mikono mizuri, masikio mabovu, mabeki wakimpigia kelele hasikii, kwa sababu yeye mwenyewe anazungumza, mpira wa juu ni wake, wa chini ni wa Mungu. Beki wa kushoto, yule wa Bujumbura, nilisema anapanda kushambulia kama mtu anayekwenda Salalah, kusini kabisa mwa nchi, hurudi baada ya wiki. Nahodha, beki wa kulia, fundi wa viyoyozi: hapitwi, na akipitwa hubaki na kipande cha jezi ya mtu mkononi. Mshambuliaji alikuwa mtoto wa ami yangu, tunalala chumba kimoja, na hakusalimika kwa sababu hiyo. Nilisema ana mguu mmoja tu, wa kushoto. Wa kulia huja kuusindikiza.

Mstari wa mwisho siku zote ulikuwa matarajio ya Ijumaa. "Sare, kipa akinyamaza." "Ushindi, ikiwa wa Bujumbura atarudi." Wachezaji walinighasi, walinitishia, lakini wiki niliyougua nikakosa kuandika walikuja nyumbani wanne kuuliza kama naweza kushika kalamu. Ami alisikia akaguna. "Wewe unamla mtu nyama," aliniambia, "na yeye anakuletea chumvi."

Kisha akaja yule kiungo.

Familia yake ilihamia kutoka ndani, upande wa milima, wakapanga nyumba nyuma ya msikiti. Alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, kijana wa kanzu iliyopigwa pasi vizuri, mpole, haongei mpaka aulizwe. Kiswahili hakujua hata neno, na timu yetu ilikuwa hata matusi yake ni ya Kiswahili. Lakini mpira ulikuwa unamjua. Siku ya kwanza nilipomtazama kutoka kwenye jiwe langu nilisahau kukaa.

Hakuwa na mbio, wala hakupiga chenga. Wengine wakipokea mpira kwanza hushangaa kuupata, kisha hutazama, kisha hufikiri, na wakati huo adui ameshafika. Yeye alikuwa ameshamaliza kufikiri kabla mpira haujafika. Aliugusa mara moja, ukaenda pale ulipotakiwa, naye akasogea hatua tatu kama mtu anayempisha mgeni. Jambo gumu mikononi mwa wengine, kwake lilikuwa kama kumimina maji kwenye gilasi. Wa Bujumbura akaanza kurudi, kwa sababu hakuwa na haja tena ya kukaa kule mbele kusubiri. Kipa akapunguza maneno. Tulishinda mara nne mfululizo, jambo ambalo kwetu halikuwahi kutokea, na tukaingia fainali ya kombe la mitaa. Tuliopangiwa kucheza nao walikuwa Wadi Kabir, timu ya mafundi wa gereji.

Naye alipenda kuja mkahawani kusimama mbele ya katoni. Ila ilimbidi aombe kusomewa, na wasomaji wake hawakuwa waaminifu. Nahodha alimwambia siku moja kwamba nimeandika anasali rakaa ndefu mno na timu inachelewa mazoezi. Mwisho alinijia mwenyewe, kwa Kiarabu cha pole pole ili nielewe, akaniuliza kwa adabu kwa nini siandiki kitu ambacho naye ataweza kukisoma. Niliona haya. Alikuwa na haki. Nikamuahidi kwamba tathmini ya fainali, yote, itakuwa ya Kiarabu.

Sasa nieleze Kiarabu changu. Sisi tuliorejea tulikuwa na Kiarabu cha Kurani, tunasoma bila kikwazo na kuelewa robo. Cha kuzungumzia tulijifunza dukani na kazini. Ami alinipa njia yake, ambayo ilikuwa njia ya nyumba nyingi za watu wa kurejea: "Neno likikupotea, chukua la Kiswahili ulirejeshe kwao. Litie kha au dhadi, likate mkia, useme kwa kujiamini." Na ilifaa. Wakati, kitabu, shughuli, daftari, khabari, samaki. Mara tisa katika kumi Mwarabu alikufahamu, na mara ya kumi alidhani ni lafudhi ya kwenu.

Niliandika siku mbili, wakati wa chakula, pale ghalani. Wengine walitoka vizuri. Yeye nilimweka mwisho, kwa sababu nilitaka jambo moja tu lisemwe na lisemwe sawa. Kwa Kiswahili lilikuwa kichwani tayari: mchezo wake rahisi, na ndiyo sababu tunampenda. Basi. Hakuna sifa kubwa kuliko hiyo kwa kiungo. Na neno lenyewe halikuwa na safari ndefu ya kurudi kwao, maana nyumbani kwetu wazee tangu zamani walilitamka na kha, rakhisi. Nikalikata mkia, nikaandika rakhis, kwa herufi kubwa kuliko za wengine. Ami hata sikumuonesha. Nilitaka na yeye alione limetundikwa.

Jumatano watu wetu walisoma, kila mmoja akachukua muda wake, wakatikisa vichwa. Kipa alisema nimemwandika vizuri yule bwana, na sauti yake ilikuwa na kijiwivu kidogo.

Alkhamisi baada ya Laasiri akaja kiungo mwenyewe. Nilikuwa nimekaa palepale na chai yangu, najifanya natazama barabara. Alisoma. Akasoma tena. Akatoa kwenye mfuko wake jezi nambari nane, akaikunja kama inakwenda kutiwa sandukuni, akaiweka juu ya kaunta akamwambia Mmalabari neno fupi. Kisha akaondoka, na chai aliyowekewa ikabaki inafuka. Mimi nilidhani anataka ifuliwe.

Nahodha alipokwenda kumuuliza alirudi na jibu moja: hachezi. Kwa nini? Muulizeni anayeandika.

Tulijikusanya watu wanane mbele ya lile katoni kutafuta tusi. Mtoto wa ami alisema huenda ni pale nilipoandika anasali sana. Nikamwambia hilo sikuliandika popote, limetungwa na nahodha, na nahodha akatazama dari. Wa Bujumbura akasema labda watu wa ndani hawapendi kuandikwa mwisho. Kipa alikuwa na nadharia ndefu ambayo hakuna aliyeisikiliza. Mmalabari alikuwa anafuta gilasi. Mtu yule alikuwa hapo miaka kumi na tano, Kiarabu chake ni cha kuuzia, na Kiswahili alikiokota kwetu. Akaja mbele na mche wa sabuni.

"Hii sabuni, rakhis," akasema. Akagusa soksi zilizoning'inia mlangoni. "Hii soksi, rakhis. Leo vaa, kesho tundu." Halafu akanyoosha kidole kwenye katoni. "Wewe andika rafiki yako rakhis. Chini andika, sababu hii sisi napenda yeye."

Kipa alianza kucheka, akajiziba mdomo.

Kwetu neno hilo lina nyumba mbili. Sokoni ni bei ndogo, na skuli ni hesabu isiyokuumiza kichwa. Hatukujua kwamba kwao lina nyumba moja tu, ile ya sokoni, na mtu akiingizwa humo ametukanwa yeye na waliomzaa. Watu wanane tulilisoma na sote tukaona limekaa vizuri, kwa sababu sote tulilisoma kwa Kiswahili.

Nilikwenda nyumbani kwa haraka ambayo goti halikuipenda. Ami alikuwa anajitayarisha kwenda kusali. Nikamsimulia mlangoni. Alifumba macho, mabega yakawa yanamtikisika, na mpaka leo sijui alikuwa anacheka au anaomba. Nikamuuliza kinyume cha rakhis ni nini.

"Ghali."

"Ami, nimwandike mtu ghali? Bei kubwa?"

"Nnakwambia andika ghali. Na usitie kitu chako."

Asubuhi ya Ijumaa, siku yenyewe ya mechi, tukaenda mimi na nahodha nyumbani kwao, na katoni jipya kwapani. Baba yake alitupokea barazani, mzee mwembamba mwenye ndevu zilizochanwa, akatukalisha kwenye zulia. Kijana alikuja akatupa mkono, akakaa karibu na mlango akitazama vidole vya miguu yake. Ikaletwa tende, ikaletwa kahawa. Mzee akauliza khabari kama desturi ya huko, na kwa desturi hiyohiyo nahodha akajibu kwamba hakuna khabari ila kheri. Khabari yetu ilikuwa imelala juu ya miguu yangu. Huwezi kusema kilichokuleta mpaka kikombe kitikiswe, ishara kwamba imetosha, nami kwa woga nilisahau kutikisa, nikanywa sita.

Nilipopewa nafasi, Kiarabu changu chote kilinitoka. Nilikuwa nimetunga maneno njiani, yakaondoka moja moja kama wageni wa harusi. Nikaona jagi la maji mbele yetu. Nikalichukua, nikamimina kwenye gilasi, taratibu, tone lisimwagike, nikaliweka mbele ya mzee.

"Anacheza hivi," nikasema. "Kitu hiki, kwa lugha yetu sisi, kinaitwa rakhisi."

Mzee alilitazama gilasi, akanitazama mimi. Nikageuza katoni. Nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu: Kiungo wetu, ghali. Akausoma kwa sauti. Kijana akainua uso kwa mara ya kwanza.

"Na hili," mzee akauliza, "unajua umeandika nini?"

Sikuwa na nguvu ya kudanganya. "Bei kubwa," nikasema.

Alicheka mpaka akashika kilemba. Yule kijana naye alijizuia, kisha akashindwa. Nahodha alicheka kwa sababu wengine wanacheka. Mzee alipotulia akanieleza: mama humwita hivyo mwanawe, na mtu aliyekuwa mbali akirudi huitwa hivyo, na yeye mwenyewe alikuwa na rafiki aliyekufa ambaye hamtaji ila kwa neno hilo. Basi ghali nalo lina nyumba mbili, kwao. Sisi tulipolichukua zamani tulibeba ile ya sokoni, hii nyingine, ya mpendwa, tukaiacha pwani. Nilijisikia kama mtu aliyevaa kanzu miaka yote bila kujua ina mfuko wa ndani.

Kuhusu mechi kijana alisema insha Allah, asizidishe. Njiani nahodha alikuwa hana raha. Insha Allah ya Maskati inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa hapana, na inaweza kuwa nimekusikia.

"Yakhe, ile ilikuwa insha Allah ya namna gani?"

"Ametusindikiza mpaka barabarani," nikamwambia. "Mtu asiyekuja hasindikizi."

Lakini saa ya mechi ilifika na tulikuwa kumi. Uwanja wetu ulikuwa changarawe tupu, magoli ni mabomba ya jukwaa la ujenzi, na mistari ilichorwa kwa mafuta machafu ya injini waliyotuletea hao hao Wadi Kabir, kwa wema, siku mbili kabla. Wenyewe walikuwa wanaume wa mapaja. Kipa wao kazi yake ilikuwa kushusha gia boksi za malori, na alishika mpira kwa mkono mmoja kama chungwa. Mapema tu wakatufunga kwa mpira wa chini, wa Mungu. Kipa wetu aligeuka kuwalaumu mabeki na akaendelea kuwalaumu mpaka mpira ulipoanza tena.

Mmalabari naye alikuja. Alikuwa amefunga mkahawa, jambo ambalo hatukuwahi kuliona nje ya saa ya sala, na jezi nambari nane ilikuwa begani kwake, bado imekunjwa. Alisimama karibu na jiwe langu, akitazama barabara kuliko mchezo.

Pikapu ya mzee ilitokea kabla ya mapumziko, ikaegeshwa nyuma ya goli letu. Kijana alishuka, viatu miguuni, akachukua jezi begani kwa Mmalabari, akaivaa akiwa anatembea. Nahodha alimpungia kutoka mbali.

"Ghali umechelewa, bei imeshuka."

Hakuelewa ila neno la kwanza, na hilo lilimtosha. Alicheka akaingia.

Sitasimulia mchezo wote. Baada ya yeye kuingia ulikuwa kama nyumba iliyofunguliwa madirisha. Tulisawazisha kwa kichwa cha nahodha. Jua lilipokaribia mlima, mpira ulimfikia yeye katikati, watu wawili wakamjia, naye akaugusa mara moja ukapita baina yao polepole, hata nikadhani amekosea. Mtoto wa ami yangu alikuwa anaukimbilia. Ulikuja upande wake wa kulia. Hakukuwa na nafasi ya kuubadilisha, hakukuwa na nafasi ya kufikiri, na nadhani kukosa nafasi ya kufikiri ndiko kulikomwokoa. Akaupiga kwa ule mguu wa kusindikiza. Fundi wa gia boksi alibaki amenyoosha mkono.

Mbili kwa moja. Wakati wanarudi kuanza upya, kiungo alipita karibu na jiwe langu. Akanitazama, akasema neno la kwanza la Kiswahili nililowahi kulisikia kwake.

"Rahisi, yakhe."

Alilitamka kwa ha nyepesi, ile ya skuli kwetu. Kha alimwachia Mmalabari na sabuni yake.

Jina la Ghali halikumtoka tena. Wazanzibari wapya waliokuja baadaye walidhani ni mtu wa kujivuna, au anayedai malipo, ikawa kila mara mtu anasimuliwa upya khabari ya sabuni. Mimi nilikaa Maskati miaka mingine michache, kisha miguu ikaniwasha. Nimekaa Dubai, nimekaa Mombasa, nimerudi Unguja mara mbili kwa nia ya kubaki na mara zote sikubaki. Kila mji nautafuta uwanja kwanza. Lakini kikosi kingine cha kuandika sijapata.

Msimu wa baridi uliopita simu ililia nikiwa Salalah. Alikuwa yeye. Kiswahili chake sasa kinapita, kina mbatata na kina viazi. Alisema Wadi Kabir wametaka mechi ya wazee, kikosi kile kile cha fainali, kwa sababu mpaka leo wanasema goli la mguu wa kulia lilikuwa bahati. Uwanja wa zamani umejengwa nyumba, watacheza kwenye nyasi za kukodi. Tathmini nani ataandika? Akaniomba niandike kwa lugha zote mbili, na Kiarabu nimuoneshe mtu kwanza.

Nilikwenda dukani kuomba katoni. Kipa: anazungumza bado, sasa ana tumbo la kuzuia mipira ya chini, kwa hiyo Mungu amepunguziwa kazi. Wa Bujumbura: akipanda, apewe maji na nauli. Nahodha: jezi za siku hizi hazichaniki, atateseka. Mshambuliaji: miguu yote miwili sasa husindikizana. Kiungo: rahisi na ghali, msomaji achague nyumba. Matarajio nilifikiri sana, nikaandika ushindi, nikatoka kutafuta basi la Maskati.